Zamu ya Maji katika Nchi Kavu

Kata ya Baray iko katika Wilaya ya Karatu, pale ambapo nyanda za juu za Ngorongoro na Mbulu huporomoka kuelekea Ziwa Eyasi. Atokaye Karatu mjini, penye baridi, ngano na kahawa, hushuka mamia ya mita kwa safari ya saa chache, na kila apigapo hatua mvua hupungua na joto huzidi. Chini kuna nchi ya vumbi, migunga na mibuyu, na ziwa la magadi ambalo maji yake hayanyweki wala hayamwagilii shamba. Mawingu yatokayo upande wa bahari, yakiisha kupanda milima, huacha humo sehemu kubwa ya mvua yake. Bonde lililo nyuma ya milima hupewa kilichosazwa.

Hata hivyo nchi hii kavu ina sifa ya kilimo. Vitunguu vyekundu vya Mang'ola, jirani wa Baray, vyajulikana katika masoko ya Tanzania na ya nchi za jirani, na mkulima yeyote ajua kwamba kitunguu si zao la ukame. Mizizi yake ni mifupi, haiendi mbali kutafuta unyevu. Basi hudai kunyweshwa mara kwa mara. Siri ya ajabu hiyo imo milimani. Mvua na ukungu wa misitu ya Oldeani na Ngorongoro huzama katika miamba iliyozaliwa na volkano, husafiri gizani, kisha huibuka katika chemchemi zilizo chini, kama zile za Mang'ola na Qang'dend. Kwa hiyo mkulima wa ukanda wa Eyasi hali mvua yake. Hula mvua iliyonyesha juu ya kichwa cha mtu mwingine.

Hali hiyo ndiyo iliyoyapa maji ya nchi hiyo historia yake. Mahali ambapo kila mtu hupata mvua yake shambani mwake, kuokoa maji ni busara ya mtu mmoja. Mahali ambapo wote hutegemea jicho moja la chemchemi, kuokoa maji ni habari ya ujirani. Aghalabu siku hizi neno hili la kuokoa maji hufundishwa kama elimu ya vyombo: tangi, mpira, mlizamu, matandazo. Elimu hiyo ni njema na haina budi kufundishwa. Lakini historia ya wamwagiliaji wa Afrika ya Mashariki yauliza swali ambalo vyombo havilijibu: maji yaliyookolewa huenda kwa nani?

Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipopita pande hizi mwaka 1892, Mzungu wa kwanza kuliandika Ziwa Eyasi, nchi haikuwa tupu. Wahadzabe waliishi kwa uwindaji, mizizi, matunda na asali kuzunguka ziwa, kama wengine wao waishivyo hata leo. Wakati wa kiangazi walichimba mchanga wa mito iliyokauka na kuteka yaliyochujika humo. Kwao maji hayakuwa na mwenyewe, aliyefika alikunywa. Wadatoga walikuja na ng'ombe, na kwa mfugaji maji ni njia: shimo moja la kunywesha huamua malisho ya siku mbili au tatu pande zote. Wairaqw waliishi kwanza katika milima ya Mbulu, katika nchi yao ya asili iitwayo Mama Isara. Huko, kwa kuwa ardhi ilikuwa finyu na watu wengi, walijifunza kulima kwa matuta, kutia samadi na kuongoza maji ya mabonde. Katika karne ya 20 walienea kaskazini hadi Karatu, na wengine wakashuka hadi Eyasi. Baadaye walikuja Wanyisanzu, Wanyiramba na wengine wengi waliovutwa na vitunguu.

Wataalamu wa lugha huistaajabia nchi hii. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatoga ni cha Kinailoti, Kinyisanzu na Kinyiramba ni vya Kibantu, na Kihadza, kwa rai ya wengi, hakina ndugu anayejulikana. Lugha za asili mbalimbali kiasi hicho hukutana kwenye chemchemi chache, na zikutanapo husemeshana kwa Kiswahili. Jambo hilo si dogo. Watu wa lugha moja huweza kugawana maji kwa desturi ambayo hakuna aliyeiandika, kwa kuwa wote waliinyonya kwa mama. Watu wa lugha nne hawana desturi moja ya kuwaamua. Hawana budi kuiunda kwa maneno, mbele ya wote.

Neno walilolipata katika Kiswahili ni zamu, na neno hilo lina safari yake. Mabaharia wa Kiarabu wa Bahari ya Hindi waligawa usiku na mchana kwa sehemu 8, kila sehemu saa 3, na sehemu hiyo waliiita zam. Kwayo walipima mwendo wa chombo na kupokezana ulinzi. Pwani ikalipokea neno, ikalipa maana ya kupokezana kazi yoyote, na likapanda bara. Leo, mtu asiyepata kuiona bahari husimama na jembe kwenye mlango wa mfereji, katikati ya bara, akingoja zamu. Hiyo ni tafsiri nzuri ya neno la mabaharia: chombo ni kimoja, na mmoja akilala katika ulinzi wake, wote hupata hasara.

Ili kuifahamu zamu, yafaa kuanza kwa jirani aliyetoweka. Upande wa pili wa nyanda hizohizo za juu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, katika Wilaya ya Monduli, yapo magofu ya Engaruka. Mjerumani Hans Reck aliyaandika mwaka 1913, Louis Leakey aliyafikia mwaka 1935, na katika miaka ya 1960 Hamo Sassoon aliyachimba kwa utaratibu; baada yake John Sutton na wengine waliendelea. Yaliyoonekana ni mashamba ya kama hekta 2,000, yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, yaliyosawazishwa na kupitiwa na mifereji iliyochukua maji ya vijito vishukavyo mlimani. Juu ya mashamba, kwenye miteremko, palikuwa na vijiji juu ya vidaka vya mawe. Mtama ulilimwa humo. Mji huo wa wakulima ulianza takriban karne ya 15, na kufika karne ya 18 au mwanzo wa 19 ulikuwa umehamwa.

Kwa nini ulihamwa? Wachimbuaji hawakubaliani kwa yote. Wengine huelekeza kidole kwenye kupungua kwa maji ya vijito, wengine kwenye uchovu wa udongo, wengine kwenye mabadiliko yaliyoletwa na kuenea kwa wafugaji. Yumkini sababu zilishikana mikono. Lakini jambo moja lastahili kufikiriwa na kila mwenye mfereji. Watu wa Engaruka hawakukosa ustadi wala bidii. Hawakuwa wapotezaji wa maji. Walijenga kwa mawe kile ambacho wengine hujenga kwa udongo na matawi. Walipanga mashamba hata mengine yakawa mitego ya kushika tope lenye rutuba lililoletwa na mafuriko. Mawe yao yangali yakionyesha yalikopita maji. Hayaonyeshi nani alitangulia kunywesha na nani alingoja, wala shauri gani lilikatwa mwaka ambao kijito kilileta nusu ya desturi yake. Sehemu ile ya kazi yao ilikuwa vinywani mwa watu, na watu walipoondoka ikaondoka nao. Ustadi wa mawe hudumu kuliko ustadi wa mapatano, ijapokuwa ni mapatano yaliyofanya mawe yawe na faida.

Mapatano hayo, yaliyopotea Engaruka, yaliweza kuandikwa kwa Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi. Vijiji vyao viko kaskazini, katika Wilaya ya Ngorongoro, na mashamba yao hunyweshwa kwa chemchemi na vijito. Mwanazuoni wa Marekani, Robert Gray, alikaa nao katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1963. Mabanio yao yalikuwa ya magogo, matawi na udongo, yakibomolewa na mafuriko na kujengwa upya. Ukitazama kwa jicho la mjenzi, Engaruka iliwashinda kwa mbali. Lakini juu ya matawi hayo palikuwa na baraza la wazee wenye urithi, wenamiji, jina ambalo sikio la Kiswahili hulitambua mara moja: wenye mji. Wao walishika zamu, waliamuru kazi ya kutengeneza mifereji, na aliyeiba maji au kukwepa kazi alitozwa mbuzi. Utaratibu huo ulifungamana na ibada, hata kukosa katika maji kulikuwa karibu na kukosa katika dini.

Haifai kuusifu utaratibu huo kupita kiasi. Wenamiji walikuwa na haki ya kwanza ya maji. Asiyekuwa na haki ya kuzaliwa alipata baada ya wao kutosheka, kwa kuomba au kwa kulipa. Zamu ilikuwapo, lakini haikuwa sawa kwa wote. Kulikuwa na watu ambao cheo chao kilikuwa kungoja. Hata hivyo, mngojaji alijua anamngoja nani, na alijua kwa nani apeleke shitaka. Dhuluma iliyo wazi huweza kubishiwa. Isiyo na mwenyewe ni nzito zaidi.

Kwa Wapare na Wachagga mambo yalichukua sura nyingine. Katika milima ya Upare ilikuwako, na mahali pengine ingaliko, ndiva, yaani bwawa dogo la udongo na mawe lililojengwa njiani mwa mfereji. Akili yake ni nyepesi na kubwa. Kijito kidogo, kikiachwa kitambae mchana kutwa katika mfereji wa udongo, hufia njiani: udongo hunywa, jua hunywa, na shamba la mwisho hupata tope. Ndiva hufungwa jioni, hukusanya maji ya usiku kucha, na alfajiri hufunguliwa. Maji yaliyokusanyika hutoka kwa nguvu na kufika mbali. Kwa hiyo ndiva haiongezi hata tone moja juu ya lililotoka mlimani. Huongeza urefu wa safari ya maji. Faida yake ya kwanza humwendea yule aliye mwisho. Hapa chombo na mapatano vimekuwa kitu kimoja.

Kilimanjaro kuna mifongo, mifereji ambayo wageni wa karne ya 19 waliistaajabia walipoona maji yakizunguka mabega ya mlima hadi migombani. Mfongo ulikuwa na ukoo uliouchimba au wazee waliousimamia, na ulikuwa na siku za kazi. Aliyekosa siku ya kuzibua na kuziba hakuwa na uso wa kudai siku ya kunywesha. Maji hayakuuzwa, lakini hayakuwa bure: bei yake ilikuwa jembe.

Ng'ambo ya bahari, katika Oman, nchi yenye udugu wa siku nyingi na Waswahili, wamwagiliaji wa falaj walifikia hatua nyingine ya fikira. Falaj ni mfereji, mara nyingi wa chini ya ardhi, unaoleta maji ya mlima kwenye kijiji cha jangwani. Mitano kati yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Zamu zilipimwa mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa na usiku kwa nyota. Hata kabla ya zamu za mashamba, maji yenyewe yalikuwa na daraja. Yatokapo kwenye falaj hutekwa kwanza ya kunywa, mahali pa wazi, na mtu yeyote. Kisha hupita penye kuogea na kutawadha. Ndipo huingia katika mitende, ambayo ni mali ya kudumu, na mwisho katika mazao ya msimu. Mwaka wa upungufu, mazao ya msimu ndiyo hupunguzwa kwanza, na ya kunywa hayaguswi. Mpangilio huo umejengwa katika mwendo wa maji: mkulima hawezi kumtangulia mwenye kiu, kwa kuwa shamba lake liko chini ya kisima cha mwenye kiu.

Serikali za nyakati zetu zilipoingia katika habari ya maji zililiweka wazo hilo katika maandishi. Tanganyika ilikuwa na sheria za maji za mwaka 1948 na 1959; baada ya Uhuru ikafuata sheria ya mwaka 1974, na marekebisho ya mwaka 1981 yakaigawa nchi kwa mabonde 9 ya maji. Ziwa Eyasi na mito yake yamo katika Bonde la Kati, ambalo maji yake hayafiki bahari yoyote. Mwaka 1971 nchi ilijiwekea shabaha kubwa: kufika mwaka 1991 kila mwanakijiji apate maji safi mita zisizozidi 400 kutoka kwake. Shabaha hiyo haikufikiwa kwa wakati wake, lakini kipimo chake kilibaki. Sera ya mwaka 2002 ilikirudia, ikitaja lita 25 kwa mtu kwa siku. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikasema kwamba maji ni ya umma, kwamba matumizi ya nyumbani yatangulie mengine, kwamba mwenye kuchukua maji mengi apate kibali, na kwamba watumiaji wa chanzo kimoja waweza kuunda jumuiya yao. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ilikuwa imekwisha kukataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji.

Maneno hayo ni mazuri, na yana haki ambayo wenamiji hawakuwa nayo, kwani hayamwulizi mtu ukoo wake. Ila karatasi ina udhaifu wake. Mzee wa mfereji alilala karibu na banio. Sheria hulala ofisini. Mbuzi wa faini alilipwa na kuliwa mbele ya wote. Kibali husomwa na wachache. Kazi ngumu ya Baray ni kuipa sheria macho ya mzee bila kuirudishia upendeleo wake.

Ugumu huo umezidi kwa sababu ya pampu. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mifereji ilipoongezeka katika ukanda wa Eyasi, maji yalikwenda yalikoteremkia. Shamba lililokuwa juu ya mfereji halikupata. Asili yenyewe iliweka mpaka wa kilimo. Pampu ya mafuta iliondoa mpaka huo. Mwenye pampu na mipira ya kutosha huweza kuyapandisha maji, kuyanyonya kabla hayajafika banioni, na kufanya hivyo saa yoyote, hata ambayo si zamu ya mtu. Palipokuwa na mlango mmoja wa kulinda pakawa na midomo mingi. Ndipo ugomvi wa mkulima na mkulima, na wa mkulima na mfugaji, ukaota mizizi katika bonde hili. Kitunguu hulipa fedha katika miezi michache, na fedha hiyo hujenga nyumba ya bati na kusomesha mtoto. Hapana haki ya kumlaumu mtu kwa kukitamani. Lakini ng'ombe afikaye kwenye kijito na kukuta mchanga mtupu naye ni nyumba ya mtu, na ni shule ya mtoto wa mtu.

Hesabu chache zatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Eka moja ya shamba ikinyweshwa maji ya kina cha milimita 10 tu, hunywa takriban lita 40,000. Kwa kipimo cha lita 25 kwa mtu, hayo ni maji ya watu 1,600 kwa siku moja. Mwenye kunywesha eka moja kwa siku moja ameshika mkononi ndoo za kijiji kizima. Hapana kosa katika hilo. Watu hawaishi kwa kunywa tu. Lakini mtu aliyeshika kitu kikubwa kiasi hicho hupaswa kukishika kwa adabu.

Adabu hiyo ina matendo yake, na matendo hayo si mapya wala si ya gharama isiyowezekana. Nyumbani, paa la bati la mita za mraba 50 hukinga lita 50 kwa kila milimita ya mvua. Mvua za mwaka zikifika milimita 500, na sehemu moja katika tano ikipotea kwa kumwagika na kukauka, hubaki lita 20,000. Nyumba itumiayo ndoo 5 za lita 20 kila siku yaweza kuishi kwa maji hayo siku 200, ikiwa ina chombo cha kuyatunza. Chombo ndicho chenye bei, si mvua. Kwa hiyo wengi huanza na mlizamu na pipa moja, wakaongeza kila mavuno. Siku hizo zote mwanamke wa nyumba hiyo hubebwa na paa lake mzigo ambao angeubeba kichwani, na mfereji hupumzika kwa kiasi chake.

Bustanini, maji yaliyooshea mboga na vyombo hayajamaliza kazi. Mchicha na mpapai hayana kinyaa nayo, maadamu hayana mafuta mengi wala sabuni kali. Matandazo ya majani makavu hulinda udongo na jua. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kikifukiwa hadi shingoni na kujazwa maji, huyatoa polepole kwenye mizizi. Wachina waliiandika mbinu hiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Shambani, kunywesha jioni au alfajiri huliibia jua sehemu yake. Majaruba madogo yaliyosawazishwa hunywa kwa usawa, ambapo jaruba kubwa lenye mwinuko huzamisha upande mmoja na kuacha mwingine na kiu. Samadi huufanya udongo ushike unyevu. Kuusakafia mfereji, hata pale tu unapopita kwenye mchanga, huokoa maji mengi kuliko hotuba nyingi. Na msitu ulioko juu ndio tangi kubwa kuliko yote. Mtu wa Oldeani akatapo mti kwenye chanzo, hufungua bomba ambalo mtu wa Baray hawezi kulifunga.

Lakini hapa ndipo swali la mwanzo linarudi. Mkulima aliye karibu na banio akisakafia mfereji, akasawazisha majaruba na kutandaza majani, huenda akaokoa theluthi ya maji yake. Asipokuwa na mapatano na mtu, atafanya nini kwa theluthi hiyo? Atafungua eka nyingine. Naye atasema kweli akisema kwamba ameacha upotevu, na aliye mkiani atasema kweli akisema kwamba hajaona tone. Tena aliye mkiani huenda akapungukiwa zaidi, kwa maana yale yaliyovuja kutoka shamba la juu, yaliyoitwa upotevu, ndiyo yaliyokuwa yakizama na kuibuka katika shimo la kunywesha la jirani aliye chini. Maji yaliyookolewa na mtu mmoja bila ya agano si maji yaliyookolewa. Ni maji yaliyohama. Kiasi alichokiokoa mtu hakina budi kuwa na mahali pake palipokubaliwa: nusu arudishiwe yeye kwa jasho lake, nusu ipite, au yote ipite mwaka wa ukame na yote abaki nayo mwaka wa neema. Namna ya kugawa ni ya wenyewe kuamua. Kuamua ndiko kusikokwepeka.

Kwa ajili hiyo jumuiya ya watumiaji wa maji hupimwa si kwa wingi wa wanachama wake, bali kwa kiti kimoja: kiti cha aliye mwisho. Baraza la wenye mashamba ya juu peke yao litaandika zamu nzuri ya wenye mashamba ya juu. Likimkalisha mkulima wa mkiani, zamu itarefuka hadi kwake. Likimkalisha Mdatoga mwenye ng'ombe na Mhadzabe ambaye hana shamba wala zizi, litakumbuka kwamba maji yana kazi nyingine kabla ya vitunguu na baada yake. Likimkalisha mwanamke ashikaye ndoo, litapata mtu ajuaye kila siku, pasipo kuambiwa na ofisi yoyote, ni saa ngapi chemchemi ilijaa na saa ngapi ilipungua.

Wajenzi wa Engaruka waliacha mawe, wazee wa Wasonjo waliacha jina la baraza, Wapare waliacha ndiva, na Waoman waliacha daraja ya maji ambamo mwenye kiu hutangulia. Baray imerithi kitu kutoka kwa kila mmoja, na imeongezewa sheria ambayo hakuna kati yao aliyekuwa nayo. Kilichobaki ni cha Baray yenyewe kukifanya, katika lugha ambayo wakaao kuzunguka ziwa lile la chumvi wameichagua kwa kusemeshana. Maji yakimwagika hayazoleki, wamesema wahenga. Lakini maji ya zamu hayamwagiki, hupokezanwa. Na katika kila mfereji, mtu wa kuulizwa kama yamepokewa ni yule aliyesimama mwisho wake, akiwa na jembe mkononi, akitazama juu.